Hofu ya Kununua

Mwanadamu ni kiumbe wa ajabu. Hujenga nyumba kwa kuogopa mvua, hufunga mlango kwa kuogopa mwizi, na huweka akiba kwa kuogopa njaa. Nusu ya kazi zake ni vita baina yake na hofu. Walakini kiumbe huyu huyu, apatapo siku moja ya mapumziko na fedha kidogo mfukoni, hushika njia akaenda kuitafuta hofu ile ile aliyoikimbia. Husimama katika mstari kwa muda wa saa nzima akiingoja, na hulipa ili atishwe. Akiisha kutishwa hucheka, na aghalabu hurudi nyuma ya mstari ili atishwe tena.

Msomaji wangu, huenda umepata kuyaona mambo haya kwa kipimo kidogo. Siku za Idi, katika uwanja wa Makadara mjini Mombasa, watoto hupanda mabembea, hupiga mayowe, kisha hushuka na kumsumbua baba kwa shilingi nyingine. Mimi niliyaona kwa kipimo kikubwa mwezi wa Agosti, mwaka 2022. Nilikuwa kaskazini ya Uingereza kwa mafunzo ya walimu ya majuma sita, na Jumamosi moja mimi na wenzangu tulipanda garimoshi kwenda Blackpool, mji ulioko ukingoni mwa Bahari ya Ireland. Ningependa kukusimulia nilichokiona huko, si kwa sababu kilikuwa kigeni, bali kwa sababu kilinieleza jambo la kwetu.

Blackpool ni mji uliokuzwa na mapumziko ya watu maskini. Reli ilifika huko mwaka 1846. Katika miji ya Lancashire, kama vile Oldham, Bolton na Burnley, viwanda vya pamba vilikuwa na desturi ya kufungwa kwa juma moja wakati wa joto, kila mji na juma lake. Mfumaji aliyekuwa amesimama mwaka mzima mbele ya mtambo, masikio yake yakizibwa na kishindo na kifua chake kikijaa vumbi la pamba, alichukua mke na watoto akaenda kuvuta hewa ya bahari. Kwa ajili ya watu kama hao ulijengwa mnara wa chuma uliofunguliwa mwaka 1894, wenye urefu wa mita 158, kwa kuuiga ule wa Paris. Na kwa ajili yao pia mtu mmoja aitwaye William George Bean, aliyekuwa ameona viwanja vya michezo vya Marekani, alianzisha mwaka 1896 kiwanja kiitwacho Pleasure Beach, yaani pwani ya furaha. Jambo moja lilinishangaza. Watu hawa waliotumikishwa na mitambo mwaka mzima, walipopata juma moja la uhuru, walikwenda kupanda mitambo mingine. Tofauti ilikuwa kwamba mitambo ya kiwandani iliwatumia wao, na hii ya pwani waliitumia wao.

Kiwanja hicho kina ekari 42 hivi. Ukikitazama kutoka stesheni ya garimoshi iliyo karibu na lango lake, huoni miti wala majani. Unaona reli zilizopindana angani kama ukambaa uliomponyoka msusi wa mikeka. Juu ya reli hizo hupita magari yaliyoungana kama mabehewa, yakipanda milima ya chuma na ya mbao, yakishuka mabonde na kukata kona kwa ghafula. Chombo hiki Waingereza hukiita rolakosta.

Asili yake ni theluji. Warusi wa karne ya 18 walijenga miteremko mirefu ya mbao karibu na mji wa St Petersburg, wakaifunika barafu, wakateleza juu yake kwa furaha wakati wa baridi kali. Wafaransa waliiga mchezo huo wakatumia magurudumu badala ya barafu. Mwaka 1884, katika ufuko wa Coney Island karibu na jiji la New York, LaMarcus Thompson alifungua reli yake ya vilima na kutoza senti 5 kwa safari moja. Mwendo wake ulikuwa kama kilomita 10 kwa saa, mwendo ambao mpanda baiskeli mvivu angeupita, na hata hivyo watu walisongamana kuupanda. Tangu hapo kila kizazi kimetaka kupanda juu zaidi ya baba zake.

Hebu sasa nikueleze siri ya chombo chenyewe, maana wengi hukipanda bila ya kuijua. Rolakosta ya namna ya kawaida haina injini ndani ya magari. Mnyororo huyavuta magari hadi kileleni mwa mlima wa kwanza, ambao kwa kawaida ndio mrefu kupita yote, kisha huyaacha. Kutoka hapo ni uvutano wa dunia peke yake unaoyatembeza mpaka mwisho. Nguvu zote za safari hukusanywa katika kupanda kule kwa polepole. Hazina hiyo hutumiwa katika mteremko, sehemu yake hurudishwa katika kilima kinachofuata, na kila mara upepo na msuguano huchukua ushuru wao, hata gari hufika mwisho likiwa limechoka.

Rolakosta kubwa ya Blackpool ilifunguliwa mwezi wa Mei, mwaka 1994. Jina lake ni The Big One, maana yake Ile Kubwa, na halidanganyi. Kilele chake kiko mita 65 juu ya ardhi, mteremko wake wa kwanza ni wa mita 62 hivi, na njia yake yote ina urefu wa mita 1,675. Siku ilipofunguliwa hapakuwa na nyingine duniani iliyoipita kwa urefu.

Nilisimama katika mstari wake pamoja na mwalimu mwenzangu wa kike, mwenyeji wa Machakos. Mbele yetu alikuwako baba mmoja, mtu mnene mwenye sauti kubwa, pamoja na mwanawe mdogo. Penye lango pana kijiti cha kupimia urefu wa watoto, na kichwa cha mtoto yule hakikufika alama kwa upana wa vidole viwili. Mlinzi wa lango alikuwa msichana ambaye sidhani kama alikuwa ametimiza miaka 20. Baba alibembeleza, kisha akakasirika, kisha akaonyesha hati yake ya malipo. Msichana alimsikiliza kwa adabu hadi mwisho, akamjibu neno moja tu, la. Mtoto alilia. Baba aliondoka akinung'unika, na mstari ukasogea. Hapana mtu aliyemwambia msichana yule kwamba mtoto mmoja hawezi kuharibu kitu. Nilikiweka kisa hicho moyoni, nikapita.

Tulikaa, na komeo la chuma likashushwa juu ya mapaja yetu. Mtumishi mmoja alipita kiti kwa kiti, akilivuta kila komeo kwa mkono wake, hata lile ambalo macho yalishuhudia kwamba limefunga. Kisha gari likaanza kupanda. Mlio wake ulikuwa ta, ta, ta, ta, kama saa kubwa inayohesabu dakika za mtu. Nyumba zilipungua zikawa vibweta. Bahari ilikunjuka upande mmoja, ya kijivu na pana, na watu chini yetu wakawa kama chungu.

"Mwalimu," alisema mwenzangu kwa utulivu, "itazame bahari sasa. Baadaye hutaiona."

Alisema kweli. Kileleni mlio ule ulikoma. Pakapita kimya kifupi ambacho nadhani nitakikumbuka mpaka uzeeni, na mbele yetu njia ikatoweka, kwa sababu ilikuwa imeinama kuliko macho yalivyoweza kuifuata. Halafu tulianguka. Siwezi kuliita jambo lile kwa jina jingine. Tumbo lilibaki juu, mwili ukatangulia chini, na upepo ukanitoa machozi pasipo huzuni. Nilipiga yowe ambalo wanafunzi wangu wasingaliamini kuwa ni langu. Na baada ya yowe, bila ya kuitwa, kilikuja kicheko. Watu wote katika gari lile walikuwa wakicheka, wazee kwa vijana, kana kwamba wameambiwa habari njema kwa pamoja.

Mwendo wa gari lile chini ya mteremko ni kama kilomita 119 kwa saa. Ukiwa na penseli, wewe uliyeanza kusoma fizikia, fanya hesabu hii. Chukua mita 62 za kuanguka, zidisha kwa 9.8, zidisha tena kwa 2, kisha tafuta kipeuo cha pili cha jibu. Utapata mita 35 hivi kwa sekunde, ambazo ni kama kilomita 125 kwa saa. Pungufu iliyopo baina ya hesabu yako na mwendo wenyewe ndiyo ushuru niliokutajia wa upepo na msuguano. Tazama tena na utaona kwamba katika hesabu hiyo hukuulizwa uzito wa abiria. Tajiri na maskini, mnene na mwembamba, huanguka kwa mwendo mmoja.

Nilipotulia nilianza kujiuliza swali la mwalimu. Kwa nini tulicheka? Mtu akianguka kutoka katika mnazi hacheki. Mwili wangu haukujua tofauti. Moyo ulinidunda kama moyo wa mtu anayekufa. Kilichojua tofauti kilikuwa ni akili, nayo ilijua kwa sababu ya kazi ya watu wengine. Magari yale hayakukaa juu ya reli kwa bahati. Kila gari lina magurudumu ya namna tatu, ya juu yanayochukua uzito, ya ubavuni yanayozuia kuyumba, na ya chini yanayoukamata upande wa chini wa reli ili gari lisiweze kuruka. Mlio ule wa ta, ta, ta ulionitisha wakati wa kupanda ulikuwa ni sauti ya ulinzi. Ni meno ya chuma yanayoanguka moja baada ya jingine, ili mnyororo ukikatika gari lisirudi nyuma hata kwa hatua tatu. Mwezi wa Julai, mwaka 2021, gari la rolakosta hiyo hiyo lilisimama katikati ya mlima. Abiria walifunguliwa mmoja mmoja, wakateremka kwa miguu kwa ngazi iliyo kando ya reli. Njia ya kushukia ilikuwa imejengwa kabla ya kuhitajiwa. Na kila asubuhi, kabla ya wageni kuamka, mafundi huikagua njia na kuyapitisha magari matupu.

Jambo hilo huonekana wazi zaidi katika rolakosta nyingine ya mahali pale iitwayo Big Dipper, iliyojengwa kwa mbao mwaka 1923. Siku nilipoiona ilikuwa imekaa miaka 99 katika upepo wa chumvi, na bado ilichukua watoto. Mbao hazina uhai mrefu kama huo kwa nafsi zake. Hudumu kwa sababu iliyooza huondolewa na nyingine kutiwa mahali pake, msumari uliolegea hugongwa, na rangi iliyobanduka hupakwa upya. Usipoziba ufa, husema wahenga, utajenga ukuta. Mahali pale nyufa hutafutwa kwa taa.

Kabla hatujaondoka nilipelekwa mbele ya mtambo mmoja mkongwe, nao ndio ulionipa mawazo mazito kuliko yote. Ni nguzo ndefu izungukayo, yenye mikono mirefu iliyotundikwa vyombo kwa kamba za chuma. Nguzo ikizunguka kwa kasi, vyombo hutawanyika hewani kama ndege waliofungwa miguu. Ulifunguliwa mwaka 1904, na hapana mtambo mwingine wa kupandwa katika kiwanja kile wenye umri wa kuushinda. Mwenye kuubuni alikuwa Hiram Maxim, mzaliwa wa Marekani aliyehamia Uingereza. Mtu huyu alikuwa na ndoto ya kuruka. Mwaka 1894 alijaribu ndege kubwa ya mvuke, ikainuka kidogo juu ya reli zake, ikavunja kizuizi na kuharibika. Mtambo wa Blackpool aliutengeneza ili apate fedha za kuendeleza majaribio yake.

Lakini jina la Maxim, msomaji wangu, babu zetu hawakulijua kwa mabembea. Ndiye aliyebuni, katika miaka ya 1880, bunduki ya mashine iliyoitwa kwa jina lake, iliyoweza kutema risasi 600 hivi kwa dakika. Mwaka 1904 watoto wa wafumaji walianza kuruka kwa kicheko katika mtambo wake wa Blackpool. Mwaka uliofuata, 1905, majeshi ya Waingereza yaliingia katika nchi ya Wanandi, wakati wa Koitalel arap Samoei, na bunduki za Maxim zilikuwamo katika silaha zao. Nilisimama pale nikiwatazama watoto wakizunguka, nikafikiri juu ya akili moja iliyozaa vitu viwili. Chuma kilikuwa kile kile, na hesabu zilikuwa zile zile. Katika mtambo mmoja nguvu ilifungwa kamba pande zote ili isimdhuru aliyeipanda. Katika mwingine ilifunguliwa ili imdhuru asiyeweza kuijibu. Nguvu haina dini wala kabila. Yeyote anayeishika huipa tabia yake mwenyewe.

Hapa ndipo nilipolipata jambo la kwetu nililokuahidi. Miaka mitatu kabla ya safari ile nilihudhuria maziko ya mwanafunzi wangu, kijana wa kidato cha tatu. Alikuwa mpole darasani, mwenye mwandiko mzuri, na mlinda lango wa timu yetu. Timu ilishinda mchezo wa ugenini, na baadhi ya vijana walirudi kwa matatu iliyojaa kupita kiasi. Muziki ulikuwa juu na dereva alitaka kuwahi safari nyingine. Kijana alining'inia mlangoni pamoja na utingo. Penye kona moja, iliyo kama kona nyingine yoyote, mkono wake uliteleza. Wenzake waliniambia kwamba alikuwa akicheka.

Kwa hiyo kicheko nilichokisikia Blackpool nilikifahamu. Kilikuwa ni kicheko cha kijana yule. Raha aliyoitafuta haikuwa dhambi. Ilikuwa ni raha ile ile ambayo maelfu ya watu huilipia kila siku, raha ya kuhisi kwamba mwili umeponyoka katika uzito wake. Mwendo wa gari lake huenda haukufika ule wa gari langu. Mimi nilikwenda kilomita 119 kwa saa nikarudi nikanywa chai. Yeye hakurudi. Baina yetu palikuwa na komeo la chuma, magurudumu ya chini, mkono wa mtumishi uliovuta kila kiti, na msichana aliyejua kusema la. Yeye hakuwa na mtu wa kumwambia la. Dereva hakusema, utingo hakusema, abiria waliokuwa wakubwa kwake hawakusema.

Nchi yetu inajua kusema neno hilo inapotaka. Mwaka 2004, wakati John Michuki alipokuwa Waziri wa Uchukuzi, matatu zilitakiwa kutiwa vidhibiti mwendo visivyoruhusu kupita kilomita 80 kwa saa, kuwa na mkanda katika kila kiti, na kuchukua abiria kwa hesabu ya viti tu. Watu wazima wanayakumbuka majuma yale ambayo magari yalipungua barabarani na kila abiria alikaa kitini mwake. Chuma kilipatikana, mikanda ilishonwa, na sheria iliandikwa. Lakini komeo lisilovutwa na mkono kila asubuhi hulegea, na sheria ni komeo vile vile.

Sikuandiki haya, kijana, ili uiogope kasi. Ulimwengu hauna haja ya vijana wanaoogopa kila kitu. Na kama ungepata nafasi ya kuipanda rolakosta ile, ningekushauri uipande, na uitazame bahari kabla ya kushuka. Naandika ili ujifunze kuuliza. Unapotaka kuinuka juu, uliza ni nani aliyekagua njia asubuhi. Unapotaka mbio, uliza breki ziko wapi. Unapopewa nguvu ya gari, ya fedha, ya cheo au ya elimu, uliza imefungwa kwa kamba gani, na kama hakuna kamba, isokote wewe. Wengi wenu mtakuwa madereva, mafundi, wahandisi, askari wa barabarani na wenye magari. Siku moja mtu mnene mwenye sauti kubwa atasimama mbele yako, ana haraka na ana fedha mkononi, na kando yake amesimama mtoto ambaye hajafika alama. Wanaongoja nyuma yake watakuwa wamechoka, nao watataka upitishe tu. Msikilize kwa adabu mpaka mwisho, kisha mjibu kama alivyojibu msichana yule.